Kompyuta ya Harusi ya Minza

Mwaka 2003 mimi na Yunusu tulikuwa hatusalimiani. Sumbawanga nzima, waliokuwa wakipiga video za sherehe kama kazi ya kuwaweka mjini tulikuwa wawili, mimi na yeye. Mimi nilikaa Malangali, chumba kimoja chenye dirisha linalotazama mahindi ya jirani. Yeye alikuwa Kizwite, nyuma ya duka la baba yake lililouza misumari, mabati, rangi na saruji. Nikimwona anakuja na baiskeli yake, mimi navuka barabara. Hakuwa amenikosea kitu. Ila kila harusi aliyoipata yeye, mimi niliikosa, na kila niliyoipata mimi, yeye aliikosa, na kwa mji mdogo kama wetu hilo lilitosha.

Nilikuwa fundi cherehani kabla ya yote hayo. Kamera niliinunua mwaka 1996 kwa padri mmoja Mzungu aliyekuwa anarudi kwao, ile kubwa ya kubeba begani, inayotumia kanda za VHS. Zilikuwa siku za vitu kuingia. Nilipokuwa mdogo nilipangishwa foleni ya sabuni tangu alfajiri, mkononi nimeshika kipande cha karatasi chenye namba, na baridi ya Ufipa mnaijua. Halafu nikiwa msichana mkubwa, maduka yakaanza kujaa. Redio, deki, televisheni, viatu vya kila rangi. Marehemu baba yangu alisimama mbele ya duka moja pale sokoni, akatazama televisheni mbili zinazowaka kwa pamoja, akasema, "Redempta, hata watu siku hizi wanauzwa wakiwa wanatembea." Nadhani ni maneno hayo yaliyonifanya niitake kamera.

Kuunganisha picha nilitumia deki mbili. Unabonyeza hapa, unasimamisha pale, na kila ulipounganisha, picha ilikuwa inaruka na kupigwa mistari kama mvua. Watu hawakujali. Walikuwa wakijiona wanacheza, basi wanapiga kelele mpaka majirani wanakuja.

Yunusu alikuja na kamera ndogo ya kisasa. Mdogo wake, Abdulnasir, alikuwa akifanya kazi kwenye duka la kompyuta Dar es Salaam, ndiye aliyemtumia. Kanda zake zilikuwa ndogo kama kiberiti, na picha yake ilikuwa safi kiasi kwamba nilipoiona mara ya kwanza, kwenye harusi ya jirani yangu, nilirudi nyumbani nikalala bila kula.

Mwezi wa pili mwaka huo, Minza binti wa mzee Mayunga aliolewa. Mzee Mayunga alikuwa Msukuma, amehamia na ng'ombe zake kule bondeni, Muze, chini ya milima, miaka ishirini na zaidi iliyopita. Bwana harusi, Enock, alikuwa kijana wa kijiji cha Kate, Mfipa kama mimi. Mzee Mayunga akamchukua Yunusu ampigie sherehe ya kumuaga binti kule Muze. Wajomba wa Enock wakanichukua mimi kwa ajili ya kanisani na sherehe ya Kate. Kwa hiyo Yunusu alimpiga picha bibi harusi anatoka kwao, na mimi nikampiga anaingia kwa watu. Hatukuonana hata siku moja.

Wiki mbili baadaye nikasikia hodi. Nilipofungua, nikamkuta mzee Mayunga, mrefu, koti zito, kofia mkononi. Nyuma yake amesimama Yunusu, anatazama mahindi ya jirani kana kwamba ndiyo yaliyomleta.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, binti. Huyu mwenzako nimemlazimisha, usimkasirikie." Akakaa kwenye kiti changu cha kushonea. "Mimi nimeoza mtoto mmoja. Sasa nimepewa harusi mbili. Huyu kaniletea yake, wajomba wa Enock wameniletea yako. Ukiitazama ya huyu, mtoto anaondoka nyumbani kwangu analia, halafu basi, giza. Ukiitazama yako, mtoto anatokea kanisani anacheka, hujui alitokea wapi. Mimi nataka harusi moja."

"Mzee, wewe ulikuwepo kote," nikamwambia.

"Mimi nilikuwepo. Mama yangu hakuwepo."

Ndipo akatueleza. Mama yake waliyemwita Ng'wana Shigela, yaani mtoto wa Shigela, alikuwa amepita miaka themanini. Miguu ilikuwa imevimba. Siku tatu kabla ya harusi mvua ikaharibu barabara ya kupanda mlima kutoka Muze, wenye nguvu wakapanda kwa miguu kwenye matope, yeye akabaki nyumbani na mbuzi. Minza ndiye mjukuu aliyemlea kwa mkono wake.

"Ameniambia anataka kuiona," mzee Mayunga akasema. "Yote. Ianze pale anapoagwa, iishie pale anapopokelewa. Katikati isikatike."

Kwa mara ya kwanza nikamtazama Yunusu usoni. "Kwa deki haiwezekani," nikasema. "Kanda yako ndogo, yangu kubwa. Na ikitoka, itatoka imenyeshewa mvua."

"Najua," akasema. "Abdulnasir anasema hiyo ni kazi ya kompyuta."

"Basi nunueni kompyuta," mzee Mayunga akasema, kama vile anatuambia tununue chumvi. Tulipoanza kucheka, akainua mkono. "Sitanii. Nina mafahali wawili wanaingia mnadani Jumamosi. Chukueni kama malipo ya kazi, mbele. Kinachopungua, ongezeni ninyi. Kompyuta ibaki kwenu. Ila mama yangu aione harusi."

Mnada ulipopita nilikwenda Kizwite kwa miguu yangu, dukani kwa Yunusu, mahali ambapo nilikuwa nimeapa sitaingia. Mkewe, Kulsumu, akaniwekea kopo la rangi nikalie, akaniletea chai ya tangawizi. "Karibu, dada," akasema. "Nilikuwa nakuonea huruma unavyovuka barabara kwenye matope kwa kumkwepa huyu." Nikaona haya mpaka masikioni.

Simu ya duka ilikuwa ya mezani. Yunusu akampigia mdogo wake. Simu inakoroma, anapaza sauti, na Kulsumu anaandika nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita kila alichokirudia mumewe. Kumbe kompyuta huinunui kama unavyonunua redio. Ile ya dukani iliyokwishafungwa ilikuwa ya kuandikia barua tu. Ya kukatia video inatakiwa uichague kiungo kwa kiungo, na fedha tuliyokuwa nayo haikuweza kutupa kila kiungo kizuri. Ukiongeza hapa, unapunguza pale.

Mimi sikuelewa kitu. Nikaomba simu.

"Abdulnasir, mdogo wangu, mimi ni fundi cherehani. Niambie kama unavyomwambia fundi cherehani."

Akacheka. Yule kijana alikuwa na akili. "Haya, dada. Prosesa ni mguu wako kwenye pedali. Ukiwa na nguvu, mashine inakimbia. Diski ni kabati lako la vitambaa, kila kitu unachotaka kukishona lazima kwanza kiingie kabatini. RAM ni meza ya kukatia. Ukitandaza kitambaa juu yake, unaona yote, unakata. Meza ikiwa ndogo, unakunja, unakunjua, unakunja, mwisho mashine inaganda."

"Meza ndogo hapana," nikasema papo hapo. Nimeshonea kwenye meza ndogo miaka sita, nikikata gauni la harusi nusu juu ya meza nusu juu ya kitanda. Na Mbeya nilikuwa nimeona kompyuta ya mtu ikiganda katikati ya kazi, mteja ameketi pale, mwenye kazi anaipiga kofi.

Yunusu alitaka kabati. "Saa moja ya video inakula gigabaiti kumi na tatu," akasema, amekwisha kuandika mahesabu kwenye kiganja. "Mimi nina saa tano za Muze, wewe una saa tatu za Kate. Tukichukua diski ya arobaini, hata nusu haiingii. Tuchukue ya themanini, RAM tuanze na ndogo, tutaongeza."

"Tutaongeza lini? Mafahali wameshauzwa."

"Na zisipoingia picha utakata nini, dada Redempta? Meza tupu?"

"Tunachagua zilizo nzuri, tunaingiza hizo. Nani atazame saa nane za harusi?"

Tulibishana mpaka wateja wakaacha kununua misumari wakawa wanatusikiliza. Abdulnasir kwenye simu akasema kuna kadi ya kuingizia kanda zangu kubwa, nayo ni ghali, lakini tunaweza kuiacha, kwa sababu kamera ya Yunusu inaweza kuipokea picha ya deki yangu na kuipitisha mpaka kwenye kompyuta. Hilo likapunguza mzigo. Lakini pia lilikuwa na maana kwamba kanda zangu haziingii bila kamera yake, na sote wawili tulilielewa.

Kulsumu ndiye aliyemaliza. "Kukata atakata nani?"

"Redempta," Yunusu akasema. "Mkono wake mzuri. Nimeziona kanda zake." Hakuwa amewahi kuniambia.

"Basi mwenye mkasi achague meza."

Tukaagiza RAM ya megabaiti mia tano na kumi na mbili, vipande viwili, ambayo wakati huo ilikuwa jambo la kujivunia, na diski ya arobaini.

Vitu vilikuja na lori la baba yake Yunusu, kupitia Mbeya, vimefungwa kwenye blanketi katikati ya mifuko ya saruji. Tulivipeleka Malangali kwangu kwa sababu ya vumbi la dukani. Nilipangusa meza ya kukatia nguo, nikatandika shuka safi, tukapanga: kasha, mazabodi, ule ubao wa kuunganishia kila kitu, prosesa na feni yake, diski, vipande viwili vya RAM, vyembamba kama rula ya mtoto wa shule. Yunusu alikuwa ameandika maelekezo ya Abdulnasir kwenye daftari, kurasa nne. Kipande cha kwanza cha RAM kikakataa kuingia. Akasukuma, jasho likamtoka na baridi ile ile. Nikamwambia, "Acha, utakivunja." Nikakichukua, nikakitazama kama ninavyotazama kitambaa kujua uso wake uko wapi, nikaona lile pengo dogo la chini yake haliko katikati. Nikakigeuza. Kikaingia, kikalia ta!

Tulipowasha, kioo kilibaki cheusi muda mrefu. Halafu namba nyeupe zikaanza kupanda juu pembeni, zenyewe, haraka haraka, mpaka zikasimama kwenye 524288. Hatukujua zina maana gani. Yunusu akasoma daftari, akasema polepole, "Imeiona RAM. Yote." Kulsumu akapiga kigelegele hata mama mwenye nyumba akaja kuuliza nani ameolewa.

Miezi miwili iliyofuata nimeikumbuka maisha yangu yote. Yunusu anakuja asubuhi na kamera ndani ya begi la shule la mwanawe. Mvua za mwisho zinanyesha, mimi ninachoma mahindi mabichi kwenye jiko la mkaa mlangoni, na ndani kanda ya Muze inapita polepole kuingia kwenye kompyuta, saa kwa saa, huwezi kuiharakisha. Tunaitazama tukiwa tumekaa. Yeye alinifundisha kutumia kipanya, mimi nilimfundisha kungojea mtu amalize kucheka ndipo ukate. Umeme ukikatika, tunalaani wote kwa Kifipa, na yeye Kifipa chake kilikuwa kibaya, cha sokoni, kikanichekesha. Umeme ukirudi, tunafungua kwa woga kuona kama kazi ipo. Meza yetu kubwa haikuganda hata mara moja. Nilijivunia meza hiyo.

Lakini kabati lilijaa kama alivyosema. Saa mbili na nusu ndizo zilizoingia. Ilibidi tuchague nini kiingie na nini kibaki nje. Tukaacha watu wanaokula, watu waliokaa chini ya turubai wakingojea, wazee wanaosinzia. Hizo kwetu hazikuwa picha. Tukachukua vilio, kanisa, keki, ngoma.

Pasaka ilipofika nikapata kazi ya komunyo ya kwanza. Kanda mpya zilikuwa zimeadimika madukani wiki ile. Nikachukua kanda yangu ya mchana wa Kate, nikarekodi juu yake. Nilikuwa nikifanya hivyo siku zote. Harusi si ilikuwa imeshaingia kwenye kompyuta?

Mwezi wa sita barabara ikakauka, tukashuka Muze na kanda moja, harusi moja. Lori lilibeba televisheni, deki na jenereta ndogo ya dukani. Ukianza kushuka ule mlima, baridi inabaki juu, ukifika chini umevua sweta na unatafuta maji. Mzee Mayunga alitupokea na maziwa. Minza na Enock walikuwa wamekuja pia. Watu wa jirani walikuwa wamekaa tangu asubuhi.

Ng'wana Shigela alikuwa mdogo wa mwili, amejifunga khanga mbili, macho makali. Nikamsalimia, "Mwangaluka, mayu," kama nilivyofundishwa, akanishika mkono akaugeuza kutazama kiganja, kama anayetaka kujua mkono huu umefanya kazi gani. Wakafunika madirisha kwa mablanketi ili kioo kionekane, jenereta ikawashwa nje, harusi ikaanza.

Sijawahi kupata mtazamaji kama yule. Alipomwona Minza anaagwa, alijibu maneno ya kuaga upya, kwa sauti. Alipoona kanisa la Kate, akauliza ni nyumba ya nani kubwa namna ile. Alicheka kwenye keki. Watu wakampisha akakaa mbele kabisa, magoti yake karibu yaguse kioo. Yunusu akanigusa bega, mimi nikawa nalia na kucheka.

Ilipoisha, akabaki ameketi. Akasema jambo kwa Kisukuma.

"Anasemaje?" nikamuuliza Minza.

"Anauliza Kabula yuko wapi."

Kabula ni mdogo wake Ng'wana Shigela, wa tumbo moja. Waliachana mwaka 1978, mzee Mayunga alipohama na ng'ombe na mama yake. Kabula alibaki kwao, upande wa Kwimba. Alipopata barua ya harusi alisafiri, mwanamke wa miaka sabini na kitu, treni mpaka Mpanda, lori mpaka Chala, akafika Kate asubuhi ya harusi yenyewe. Alitaka kushuka Muze kumwona dada yake, ila barabara ilikuwa imekatika na lori la kurudi Mpanda lilikuwa linaondoka kesho yake. Akarudi. Dada wawili, miaka ishirini na mitano, wakapishana kwa mlima mmoja.

"Mama, nimekwambia, alikuwepo," mzee Mayunga akasema. "Nimekaa naye. Amekuletea ile tumbaku."

Ng'wana Shigela akatikisa kichwa. Akasema taratibu, na Minza akanitafsiria huku anatazama chini: "Tumbaku inauzwa popote. Mmeniambia alikuja ili nisihuzunike. Angekuja, ningemwona. Wote nimewaona. Hata mbwa nimemwona."

Nikamuuliza Minza alivaa nini siku ile; khanga ya bluu, akasema. Nilimkumbuka. Mwanamke mzee, khanga ya bluu, amekaa chini ya turubai saa nzima ameweka mikono mapajani. Nilimpiga muda mrefu, kwa sababu uso wake ulikuwa unapendeza kutazama. Halafu pale mezani kwangu nikasema, huyu amekaa tu, hatuna nafasi, tuache. Na juu ya kanda ile nilikuwa nimerekodi watoto wa komunyo.

Sikusema kitu mpaka tulipokuwa njiani tunapanda. Ndipo nikamwambia Yunusu yote, nikamwambia angekuwa na kabati lake la themanini, mama yule angemwona mdogo wake. Nilingoja aseme kwamba alinionya. Alikuwa na haki.

Alikata kona mbili za mlima. "Komunyo ilichukua muda gani?" akauliza.

"Saa mbili na kitu."

"Na kanda ni ya saa tatu."

Nilikuwa sijafikiria. Tulipofika Malangali hatukushusha hata jenereta. Niliitafuta ile kanda, nikaiweka kwenye deki, nikaipeleka mbele. Watoto wenye nguo nyeupe, watoto, watoto, padri, chenga nyeupe kwenye kioo, halafu ghafla turubai la Kate. Sehemu ya mwisho ya mchana ule, dakika kumi na tisa, haikuguswa. Tukaitazama kwa kusimama. Watu wanakula. Watu wanangoja. Ignasi, mjomba wa Enock, anatafuta kiatu chake. Dakika ya kumi na moja, pembeni kabisa, khanga ya bluu.

Kabula ananawishwa mikono. Mtu anamwita kwa jina kutoka upande mwingine, anageuka na maji yanamdondoka vidoleni. Kisha Minza anapita, Kabula anamsimamisha, anamtolea nyasi iliyonasa kwenye gauni, anaitupa, anampiga kidogo mgongoni, nenda. Anakaa tena. Kamera inaondoka. Ilikuwa haifiki dakika moja na nusu.

"Usikate hata kidogo," Yunusu akasema.

"Sikati," nikasema.

Wiki iliyofuata tulishuka tena, bila malipo, bila watu, sisi wawili na mzee Mayunga. Ng'wana Shigela hakutaka kutoka kitandani, akidhani tumekuja kumtuliza. Tukaiweka televisheni chumbani kwake. Kabula aliponawa mikono, yule mama akainuka akaketi. Jina la Kabula lilipoitwa, naye akageuka pale kwenye kioo, aliyeitika ni yule mama. Akataka tena. Tuliirudisha mara nyingi kiasi kwamba nikaogopa kanda itakatika.

Mwisho akasema kwa Kiswahili, ili sote tusikie: "Amekonda. Mikono imekuwa ya mama yetu." Halafu akamgeukia mwanawe. "Nipeleke."

"Mama, miguu yako."

"Miguu ni yangu. Yeye ni mdogo, na amekuja. Mimi mkubwa nikae hapa natazama kioo?"

Walibishana siku nyingi, nilivyoambiwa, lakini mwezi wa nane lori la baba yake Yunusu lilipokuwa linakwenda Mpanda, lilimchukua. Walimwekea godoro mbele, karibu na dereva. Mimi na Kulsumu tulisimama pale Kizwite kumuaga, na Kulsumu akamfungia chapati kwenye taulo. Mzee Mayunga alikwenda naye mpaka Kwimba, treni na mabasi, siku tano. Alitueleza baadaye kwamba walipofika, dada wawili hawakukumbatiana wala kulia kama alivyotegemea. Ng'wana Shigela alikaa chini karibu na mwenzake kwenye mkeka, akaanza kumlaumu kuhusu mbuzi fulani wa mwaka 1978, na mwenzake akajitetea, na wakaendelea hivyo mpaka chakula kikapoa.

Alipaswa kukaa mwezi mmoja. Hakurudi tena. Alikataa. Walikaa nyumba moja miaka minne mpaka Kabula alipotangulia, na yeye akafuata kabla ya mavuno.

Mimi na Yunusu tulinunua diski ya pili, kubwa, Krismasi ile ile, na nilimwachia achague. Tuliweka kibao kimoja kwenye mlango mmoja. Tulifanya kazi pamoja miaka saba, tukapiga nusu ya harusi za Ufipa na mazishi yake, tukagombana juu ya kila kiungo cha kila kompyuta iliyofuata, mpaka baba yake alipofariki na yeye akalazimika kwenda kusimamia biashara Mbeya. Siku aliyoondoka tuliongea habari za feni.

Siku hizi kijana anakata harusi kwenye simu akiwa amekaa kwenye bodaboda anangoja abiria, na kazi yake ni nzuri, siwezi kusema uongo. Mimi bado napiga. Wahariri vijana wananilalamikia kwamba nawaletea saa nyingi za watu waliokaa tu, wananawa, wanangoja, na kwamba hakuna anayetazama. Nawaambia waziingize zote.

Mzee Mayunga naye amezeeka. Kila akipanda mjini hupita kwangu na galoni ya maziwa, hukaa kwenye kiti kile, na kabla hajavua kofia husema maneno yale yale: "Redempta, wewe na yule mwenzako mliniibia mama yangu." Kisha anauliza kama Yunusu amepiga simu wiki hii, na mimi namwambia alichosema.